Rambirambi Niliyoirudisha

Area D,
S.L.P. 1846,
Dodoma.
25 Septemba 2003.

Mpendwa Kaka Mbaruku,

Assalaam alaykum. Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta huko Pune ukiwa mzima na masomo yanakwenda. Mguu umepona? Shangazi Tabu ametuambia kwamba uliteleza kwenye ngazi za bweni na hukutaka tujue. Mama yako huyo hawezi kufichwa kitu, hata ukiwa India. Tunakuombea.

Sisi huku ni wazima kwa kadiri inavyowezekana. Mama bado yuko kwenye eda. Anakaa chumba cha uani na nguo zake nyeupe, hatoki nje ya geti, na wanawake wa jirani huja kukaa naye baada ya alasiri. Mdogo wetu Jaha amerefuka. Anavaa viatu vya baba na siku hizi haweki tena karatasi mbele. Upepo wa Septemba ni uleule unaoujua, vumbi linaingia mpaka kwenye sufuria zilizofungiwa kabatini.

Asante kwa simu uliyopiga siku ya maziko. Sikusema mengi kwa sababu watu walikuwa wengi, na kwa sababu sikuwa na la kusema. Bado sina. Watu wananitazama usoni kama wanaotafuta kitu, nami naona aibu kwa kuwa hawakipati. Nakula, nalala, nafanya hesabu. Mwalimu wa Kemia alinirudishia karatasi ya mtihani akaniambia, "Pole sana, mwanangu, lakini umepata zote." Niliona kama nimefanya jambo baya.

Ningeweza kukuandikia barua pepe kule mjini, lakini watu wanaosubiri zamu husimama nyuma ya kiti na kusoma. Haya ninayotaka kukuambia sipendi yasomwe na mtu anayesubiri zamu.

Ni habari za Kisima, ile programu mliyoiandika wewe na baba.

Sijui baba alikueleza kiasi gani kuhusu kikundi chetu cha kompyuta. Tunakutana Jumamosi mchana katika chumba cha nyuma cha kituo cha vijana. Tunakusanya programu huria, zile ambazo mtu yeyote anaruhusiwa kuzinakili na kuzirekebisha, tunaziweka kwenye diski moja pamoja na Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kisha diski tunawapa makondakta wa mabasi wazifikishe kwenye shule za sekondari zenye kompyuta, Kondoa, Mpwapwa, hadi Kibakwe. Diski yenyewe tumeiita Zabibu. Mkubwa wetu ni Mwalimu Octavian anayefundisha Hisabati. Yupo pia dada mmoja, Paskazia, karani wa kuchapa kule bungeni, na Methusela wa kidato cha sita, ambaye kwake hakuna jambo lisilo na mzaha.

Diski ikijaa imejaa, kwa hiyo programu haiingii kwa kupendwa tu. Lazima iwe na mlezi, yaani mtu aliye tayari kuwajibu wanaoitumia na kurekebisha kasoro zake. Na lazima mtu mwingine aijaribu kwa swali ambalo jibu lake linajulikana. Hizo ndizo kanuni zetu, na Mwalimu Octavian huzishika kama nguzo za dini.

Mwezi wa Mei baba alikuja mwenyewe kuiombea Kisima nafasi. Aliwaeleza jinsi unavyopigilia vigingi vinne vya chuma ardhini, ukapitisha umeme, ukasoma ardhi inavyoupinga, na jinsi programu inavyochora tabaka za chini na kusema maji yako wapi. Walisikiliza kwa adabu. Kisha Methusela akauliza, "Lakini mzee, nani ataitumia? Wewe, mpwa wako wa India, na nani mwingine?"

"Na wewe," baba akasema, "siku ukishikwa na kiu."

Walicheka wote. Mwalimu akasema jambo hili lisubiri, kwa kuwa ni programu ya watu wachache na haijajaribiwa. Baba akajibu kwamba ni sawa, hata yeye kuna mahali anataka kupatengeneza kwanza. Julai akafariki. Hapakutengenezwa.

Niliporudi kikundini baada ya msiba, wote walisimama nilipoingia, hata Methusela. Mwalimu Octavian akasema, "Sabiha, mchele na sukari tulileta pamoja na watu wengine. Hii sasa ni rambirambi yetu sisi kama kikundi." Akanigeuzia kompyuta. Kisima ilikuwa imo kwenye orodha ya Zabibu, na chini yake wameandika "Kazi ya Marehemu Mzee Jamaldini wa Kondoa, wa Idara ya Maji, na Mbaruku mpwa wake."

"Nimetoa mchezo wa karata kwa mikono yangu ili iingie," Methusela akasema. "Ujue nilimpenda mzee. Wakuu wa shule wanawasha zile kompyuta kwa ajili ya karata tu."

Nikasema asante.

Nilipofika nyumbani nikamweleza mama. Akauliza kama jina la baba limeandikwa. Nikamwambia limeandikwa.

"Na Kondoa litafika?"

"Litafika, mama."

Akamwita Jaha aje asikie naye. Kaka, tangu maziko mama hakuwa amemwita mtu kumwambia jambo jema. Nilisimama pale mlangoni nikawa nawatazama.

Kwenye kikundi hakuna aliyeijaribu Kisima, na siwalaumu. Nani ataipima rambirambi? Ukipewa bahasha msibani huifungui mbele ya aliyekupa. Mimi nami sikuwa na nia ya kuipima. Ilikuwa Jumapili, sikuwa na la kufanya, kompyuta ya baba ilikuwepo, na vipimo vya safari zake vyote vimo ndani. Nikachukua vya Kibakwe kwa sababu Kibakwe nilikuwepo.

Ilikuwa likizo. Wanakijiji walikuwa wamechimba mteremkoni chini ya mlima, wakaenda chini sana, wakakuta kukavu. Baba alitaka kuona Kisima ingesema nini kuhusu mahali ambapo jibu lake limeshajulikana. Mimi ndiye niliyeshika nyaya. Alipoingiza namba, programu ikasema maji yapo, tena mengi. Baba alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Inadanganya kama mganga." Kisha akashuka kwenye korongo, akabandua udongo ukingoni, akaufinya, akanionyesha. Ulikuwa mfinyanzi. Akaniambia mfinyanzi wenye unyevunyevu hupitisha umeme kama yanavyoupitisha maji, lakini haukupi hata kikombe. Kisima imeambiwa mfinyanzi wa huku tambarare unaishia kina gani. Kule milimani unakwenda chini zaidi, na kila kinachopitisha umeme chini ya kina hicho Kisima inakiita maji. Yeye alilijua hilo, kwa hiyo milimani aliangalia makorongo kwanza, halafu kompyuta.

Jumapili ile niliingiza namba zilezile. Ikasema maji yapo, tena mengi. Nikarudia. Nikatafuta ndani ya programu mpaka nikaiona ile namba ya kina cha mfinyanzi, imekaa peke yake kwenye mstari, bila maelezo. Nilikaa nikaitazama. Nilitegemea kwamba hapo sasa nitalia, kwa kuwa ilikuwa kama kumsikia akicheka. Sikulia. Nikaenda kusonga ugali.

Kazi ya kurekodi diski ilikuwa Jumamosi iliyopita. Unanijua, Kaka, mimi siwezi hata kumwambia mtu wa dukani kwamba chenji haijatosha. Nilimwegemea dada Paskazia nikamnong'oneza. Akasema, "Ongea kwa sauti, mdogo wangu, mimi si Spika." Wote wakageuka. Nikaeleza habari za Kibakwe. Sauti yangu nilikuwa naisikia kama ya mtu wa chumba cha pili.

Mwalimu Octavian akavua miwani. "Basi tuweke onyo," akasema. "Tuandike isitumike milimani."

Nikasema onyo litakaa kwenye ukurasa ambao hakuna anayeufungua.

"Kama hakuna anayeufungua," dada Paskazia akasema kwa upole, "hata programu yenyewe hakuna atakayeifungua. Ni ya watu wachache mno. Iache, Sabiha. Itakaa pale kama picha ukutani."

Hilo lilinishinda kidogo, kwa sababu ni kweli. Kwenye shule zote hizo labda ataifungua mtu mmoja. Lakini nilimfikiria huyo mmoja. Nikawaambia, "Kibakwe kuna shule inayopata diski yetu, na wanafunzi wanashuka bondeni kuchota maji. Mwalimu wao ataifungua siku moja. Ataona jina la mtu wa idara ya maji, ataliamini. Wazazi watachimba kwa majembe."

Methusela hakutania. Alisema taratibu, "Lakini rambirambi hairudishwi. Kwetu ukirudisha rambirambi umekata undugu."

Neno hilo bado nalibeba.

Mwalimu Octavian akasema, "Kosa ni langu. Niliipitisha bila jaribio kwa sababu niliona haya kumpima marehemu. Sasa neno ni lako, mwanangu. Ukisema ibaki, inabaki, na lawama nitaibeba mimi."

Nilitaka ibaki, Kaka. Naomba uniamini. Nilimwona mama akimwita Jaha.

Nikasema itoke.

Dada Paskazia akaifuta. Methusela akauliza kama karata zirudi, akajikuta ameuliza, akaweka mkono mdomoni. Nikamwambia zirudi. Hakuna aliyecheka.

Mama nilimwambia jioni ileile, kwa sababu kuchelewa kusingefanya liwe dogo.

"Ulisema hivyo mbele za watu?" akauliza.

"Mbele ya watu watatu."

"Kwamba baba yako alikosea."

"Nilisema programu haijaisha, mama."

"Mtu akishafariki," akasema, "kazi yake imeisha."

Akageukia ukutani. Siku zilizofuata alinijibu salamu tu. Nilimpelekea uji, akanywa, akarudisha kikombe. Wanawake wa jirani walipouliza habari za diski aliwaambia, "Muulizeni mwenye elimu." Walinitazama, nikaenda kuanua nguo ambazo hazijakauka.

Jana, nilipokuwa nafagia mbele ya chumba chake, akaniita kutoka nyuma ya pazia.

"Hicho kitu, kinatengenezeka?"

"Sijui, mama."

"Mbaruku anajua?"

"Labda."

Kisha akasema, "Basi mwandikie. Lakini usimwambie nalia."

Nilifunua pazia nikamtazama vizuri. Hakuwa analia. Hata mimi sikuwa nalia. Nikaweka ufagio chini nikaja kutafuta karatasi.

Kwa hiyo Kaka, nakuomba mambo machache. Kwanza, programu ni yenu wawili, na upande wa baba umebaki kwetu. Mama amekubali iwe huria, na Jaha naye kakubali, ingawa hajui ni nini. Tunahitaji neno lako na wewe, kwa maandishi na kwa saini yako, ili ikiingia siku moja iingie kwa haki.

Jambo la pili ni gumu kwangu kuliandika. Ile namba ya mfinyanzi sijui ni nani kati yenu aliyeiweka. Mliandika wote bila kuacha alama, na nikisoma siwezi kuutofautisha mkono wako na wa baba, ingawa nimejaribu. Kama ni wewe, niambie. Kama ni yeye, niambie pia. Usinifiche kwa kunihurumia. Watu wote wananihurumia na hakuna kinachotengenezeka. Sitaumia. Kwa sasa sijui hata kama naweza kuumia. Nataka tu kujua alikuwa anafikiri nini aliyeiandika, ili nijue pa kuanzia.

Kwenye orodha ya programu zinazosubiri, Jumamosi ileile Mwalimu Octavian aliuliza aandike nani kwenye nafasi ya mlezi wa Kisima. Kanuni inasema awe mtu aliye hai. Wote walitazama meza. Nikasema aniandike mimi. Sijui kutosha, Kaka, ninajua Pascal tu, lugha ya kompyuta niliyojifunza jioni, lakini mimi niko hai, na sikuona mwingine.

Mama anakusalimu sana. Shangazi Tabu alikuwa hapa juzi, amerudi Kondoa kwa basi la asubuhi, anasema ule vizuri na usiweke uzito kwenye ule mguu. Jaha anakusalimu na anauliza kama huko wanacheza mpira au kriketi peke yake. Nisalimie wenzako wa Tanzania mnaokaa nao, na uwashukuru kwa dua waliyomsomea mjomba wako.

Mwenyezi Mungu akulinde ugenini, akupe ufahamu katika masomo, na akurudishe kwetu ukiwa na afya. Amrehemu baba na kaburi lake alipe nafasi. Amina.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye, hata siku hizi ambazo sijui kuuonyesha upendo huo,

Sabiha Jamaldini.