Viini Vilivyolala

Jumapili, 4 Mei
Nimemwosha Mama Kubwa, ajuza ninayemtunza, nikampaka mafuta, nikamfunga vifungo. Vidole vyake havikunjiki tena. Baridi yabisi. Hospitali wanataka kumwanzishia sindano mpya, ila inapunguza kinga ya mwili, kwa hiyo lazima apimwe TB kwanza. Ametolewa damu. Tumerudi nyumbani, mtaa wa Aziziya, na jua la kuchoma.

Jumatano, 7 Mei
Ana viini vya TB. Picha ya kifua ni safi. Hakohoi. Madam, bintiye, alisoma majibu kwenye simu, kisha akaniangalia mimi.

Alhamisi, 8 Mei
Kaka yake madam amepiga kutoka Riyadh. Kiarabu changu cha jikoni kilinitosha kuelewa: shaghala, yaani mimi mfanyakazi, ndiye kaleta ugonjwa, arudishwe Kenya. Madam amenikataza kupika. Nivae barakoa. Lakini kumwosha mamake, hiyo bado ni kazi yangu. Kama nina sumu, mbona naachiwa mgonjwa?

Jumamosi, 10 Mei
Nilipimwa Nairobi kabla ya kusafiri. Nikapimwa tena hapa kabla ya kupewa ikama, kibali cha kuishi. Nimemwambia madam. "Halas, yatosha, pima tu." Nimepima. Akinyi, rafiki yangu wa mtaa wa Al-Safa, ananishauri nianze kupanga nguo. Hanisaidii.

Jumanne, 13 Mei
Sina viini. Madam amesema nirudi jikoni. Basi. Hakuna pole.
Nimelia bafuni. Si furaha. Hasira.

Alhamisi, 15 Mei
Kliniki. Madam alitaka kujua basi viini vimetoka wapi. Daktari, Msudani mpole, alimwuliza Mama Kubwa mwenyewe. Wa kwanza kufanya hivyo. Mama Kubwa akasema utotoni alilala mkeka mmoja na dada yake Salma, aliyekohoa mpaka akafa. Madam hakuwahi kusikia jina hilo.

Daktari akaeleza: huenda viini viliingia wakati huo, mwili ukavifungia, vikalala miaka yote hii. Si mgonjwa, na hawezi kumwambukiza mtu. Shida ni hiyo sindano. Kinga ikishuka vinaweza kuamka. Kwa hiyo vidonge kila siku, miezi minne. Sindano baada ya mwezi wa kwanza, ini likiwa sawa, maana vidonge hivyo vinaweza kuliumiza.

Madam aliangalia sakafu.

Jumapili, 18 Mei
Mama Kubwa amegoma. Mkojo umetoka rangi ya chungwa, akadhani ni damu. Kidonge kakitemea kwenye leso. Anaumwa vidole, anasema, kifua hakimsumbui. Madam akatufokea wote wawili. Karatasi ya dawa ni ya Kiarabu na hakuna aliyenisomea! Nimempigia nesi mimi mwenyewe. Ni dawa tu inayobadilisha rangi, hata machozi. Mtu angesema mapema.

Jumatatu, 19 Mei
Amekataa tena. Nimechoka kukaa katikati.

Jumatano, 21 Mei
Nilikaa kitandani kwake na Kiarabu changu kibovu. Nikamwambia viini vimelala, tuvimalize vikiwa bado vimelala. Akauliza kama mimi ningekunywa. Nikasema ndiyo.
"Walitaka kukufukuza kwa kikohozi cha dada yangu," akasema.
Akanyoosha mkono. Nikamwekea kidonge mdomoni, maana vidole vyake havishiki. Akameza.

Jumatano, 4 Juni
Tangu siku ile hajaruka kidonge hata siku moja. Maumivu ya vidole ni makali. Anaamka na kunikasirikia, nami namkasirikia madam, kimya kimya. Ini liko sawa.

Jumatatu, 23 Juni
Sindano ya kwanza leo. Itachukua wiki kadhaa kabla vidole havijalegea, na vidonge vinaendelea miezi mitatu zaidi.
Tukirudi, Mama Kubwa alianza kunisimulia habari za Salma. Majira ya baridi Salma alikuwa akimwachia upande wa ukutani, mwenyewe analala mlangoni kwenye upepo. Madam alikuwa anaendesha. Alizima redio. Kwenye taa za barabarani, kijani kiliwaka, hakuondoka mpaka gari la nyuma likapiga honi.