Koti la Rajabu Kwenye Msumari wa Marehemu

Landi za Reli,
Nakuru.
14 Machi 1955

Mpendwa Mjomba Wangatia,

Assalaam aleikum. Kabla ya yote, ujue unasoma barua ya mwanachuoni mkubwa kuliko wote kati ya Naivasha na Kuresoi, naye darasa la tano hakulimaliza. Hujambo wewe? Mgongo je? Sisi tu wazima, ila mvua imechelewa na vumbi la Nakuru tunalila kama sima.

Sasa nisikilize. Eda ya dada Nanyama imekwisha wiki jana. Hata hajapumua, Rajabu, ndugu wa marehemu mumewe, akaingia akatundika koti lake kwenye msumari wa marehemu. Unajua maana yake kwetu: mjane amepata mwenyewe.

Nililibeba koti lile, linanuka tumbaku, mpaka msikitini, nikalitandika mbele ya Mwalimu Idi na wazee baada ya alasiri.

Rajabu akasema, "We mtoto, mwanamke ni konde. Kurani imesema."

"Imesema wake zenu, mzee. Wako yuko nyumbani anapika. Soma yote, usidonoe kama kuku."

Mwalimu akaniambia niketi, tafsiri si kazi ya wavulana. Sikuketi. Nikamkumbusha darasa lake mwenyewe la Ramadhani iliyopita, Surat Nisaa, wazee wote wanasinzia kwa shibe ya futari: si halali kuwarithi wanawake kwa nguvu. Tena alitueleza kwa nini ilishuka. Zamani Uarabuni mrithi alimtupia mjane nguo yake, basi amekuwa mali yake.

"Nguo hii hapa," nikasema. "Mwalimu, aya ilishuka kwa Waarabu tu, au na Nakuru imefika?"

Mwalimu akalikunja koti. "Imefika. Rajabu, chukua koti lako."

Huku landini, kwenye nyumba zetu za reli, wanasema nimevunja mila na kumkosea heshima aliyenizidi umri. Waseme. Ijumaa nitasema tena, na wakinitoa ndani nitasemea mlangoni.

Nisalimie Bibi Nekesa na Mama Sikuzani. Makokha mwambie mieleka bado namshinda. Mungu akulinde, akujalie maneno machache kuliko yangu.

Maana jambo moja limeniharibikia. Mwalimu aliuliza mjane ataishi wapi. Dada alikuwa nyuma ya pazia na wanawake wenzake. Nami, kwa vile wote wananitazama, nikajibu, "Ataenda Mumias kwa mjomba." Wazee wakaitikia amina, ikapita. Kumbe ana cherehani yake na wateja wake, na alikwisha pata chumba Bondeni, hapa hapa Nakuru. Nilirudi kwa Mwalimu, akasema neno la kaka limekwisha tolewa. Hakuna aliyemuuliza Nanyama anataka nini, hata mimi. Sasa hasemi nami. Atashuka stesheni ya Butere Jumamosi. Mjomba, kabla hujamwonyesha pa kulala, muulize.

Mpwa wako akupendaye,
Juma Shiundu