Nilichokifuta Kwenye Fomu ya Walimu

Temeke, Alhamisi, 21 Aprili 1955

Mvua haijakatika tangu alfajiri, na ukuta wa upande wa kitanda umeanza kulowa. Nimerudi kutoka kazini saa kumi na nusu. Naandika kwa sababu siwezi kukaa bure.

Nianze mwanzo, kwa utaratibu.

Mwezi uliopita idara ya elimu ilitaka habari za walimu wa hesabu na sayansi wa chuo chetu cha watu wazima: walikozaliwa, walikosoma, kazi walizofanya na sababu ya kuziacha. Mimi ndiye karani, basi niliwaita mezani kwangu mmoja mmoja. Nakiri niliifurahia kazi ile. Miaka miwili nimesikia sauti zao kupitia ukutani bila kujua walikotoka. Mwalimu Athumani, Mzaramo wa hapa hapa, anayefundisha umeme, aliujifunzia vitani Burma akitengeneza simu za jeshi. Yule wa kemia alikuwa dresa hospitalini, akichanganya dawa miaka kumi na mmoja. Hakuna hata mmoja aliyeingia ualimu kwa mlango wa mbele.

Wa mwisho alikuwa Mwalimu Zakaria wa hesabu. Ni Mnyamwezi, mtu mzima, mpole. Sijaona mwingine anayeweza kumfanya mpakizi wa bandarini azipende desimali. Alinieleza bila kusitasita: mwaka wa mwisho wa chuo cha ualimu alifukuzwa kwa kuwaongoza wenzake kugomea uji wenye funza. Cheti hana. Nikapiga chapa kama alivyosema.

Athumani alikuwa mlangoni anasikiliza.

"Mtani, ninyi Wanyamwezi mmebeba mizigo ya watu mpaka mmesahau kuutua wa kwenu! Sasa unamtwisha karani?"

"Nyamaza wewe, Mzaramo. Siku nikifa utalia."

"Nilie? Mie siku hiyo nalala kaburini mwako mpaka wanibembeleze nitoke!"

Tulicheka sote watatu.

Kesho yake Zakaria alirudi peke yake, kofia mkononi. Aliomba niandike kwamba aliacha chuo kwa ugonjwa. Si uongo mtupu, alisema, kwani wiki ile kweli alikuwa na malaria.

"Ndugu yangu, wakiusoma huo mgomo, sitashika chaki tena katika nchi hii."

Nikakubali. Na haikuwa huruma tupu. Nilipenda kuombwa na mtu kama yeye.

Nikafuta kwa raba, nikairudisha karatasi kwenye mashine, nikapiga maneno mapya mahali pale pale. Kazi safi.

Karatasi ya juu peke yake.

Fomu zile hupigwa kwa kaboni, tatu kwa pamoja. Ya juu huenda idara ya elimu, ya pili kwa mkuu wa wilaya, ya tatu hubaki jaladani kwetu. Zile mbili za chini nilikuwa nimeshazitenga tangu jana yake, ya wilaya tayari imo ndani ya bahasha. Nikaipeleka ya juu na ya wilaya, nikaandika kwenye daftari la barua kwamba zimeondoka. Mimi, ambaye huchonga penseli zote kabla sijaanza kazi, sikukumbuka kwamba raba haifiki chini.

Leo saa nne asubuhi Bwana Mkuu wa chuo, Mzungu wetu, aliniita. Mezani kwake palikuwa na karatasi mbili zimelazwa ubavu kwa ubavu. Moja, ya idara, inasema ugonjwa. Nyingine, ya wilaya, inasema mgomo. Zote mbili zina sahihi yangu. Hakupaza sauti, angepaza ingekuwa nafuu. Aliuliza jambo moja tu: nani alikuomba ubadilishe?

Nikasema nitaangalia jalada.

Nitaangalia jalada! Jibu gani hilo?

Akazirudisha zile karatasi kwenye bahasha. Kisha akasema kesho saa mbili asubuhi atakuja afisa wa elimu kutoka mjini, pamoja na bwana mwingine ambaye hakunitajia cheo chake. Nisimwambie mtu yeyote. Barua ya kumwita Zakaria nimeipiga mimi mwenyewe, na kesho nitampa mkononi akifika tu.

Wakati wa chai sikuweza kunywa. Athumani akaniona.

"Karani leo ana nini? Mtani, hebu mpe ule uji wako, labda atachangamka!"

Zakaria alicheka mpaka akafuta macho. Nami nikacheka.

Tangu hapo napiga hesabu na haigawanyiki. Nikisema nilibadilisha kwa hiari yangu, nitafukuzwa mimi, na neno mgomo litabaki pale mezani. Nikimtaja, kesho atakuwa mgomaji na mwongo pia. Nikinyamaza, wataamua wenyewe, na sidhani wataamua kwa upole. Yule bwana asiyetajwa cheo haji kwa ajili ya uji wa zamani.

Limebaki jambo moja dogo. Zakaria akienda mwenyewe kwa Bwana Mkuu kabla ya saa mbili, akasema kwa kinywa chake, huenda shtaka la uongo likamwondokea. La mgomo sijui. Lakini hawezi kutangulia asipojua, na anayeweza kumwambia ni mimi tu.

Anakaa Keko, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Nimekatazwa kumwambia mtu. Njia nzima ni tope, na sijui nitaanza kwa neno gani.

Nimeshavaa viatu.