Mawe Nimeyaondoa, Baba

Baba,

Gari lako halijauzwa. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama Mami anakula.

Lakini ilibaki kidogo. Baba mdogo alikuwa ameshapata mnunuzi kule Thika. Alisema gari linaozea hapa Kimbo bure, na siku likituzimikia barabarani mimi na Mami tutaketi tulie. Mami akakubali. Tangu tukuzike hajawahi kuketi kiti cha mbele, na nafikiri alikuwa amechoka kukitazama. Jumamosi asubuhi tukaondoka, wao wawili nyuma, mimi mbele peke yangu kama dereva wa kukodiwa.

Tulipokaribia Witeithie nikahisi usukani unavuta kushoto. Pancha. Sikukanyaga breki kwa ghafla, Baba. Niliacha gari lipunguze mwendo lenyewe, nikawasha taa za hatari, nikatoka kabisa kwenye lami hadi penye udongo mgumu. Niliwashusha wote wawili wakasimame ng'ambo ya mtaro, Baba mdogo akilalamikia viatu vyake. Nikavuta handibreki, nikapeleka pembetatu nyekundu nyuma huku nikihesabu hatua kwa sauti, vile ulivyonifundisha. Magurudumu nikayakinga kwa mawe mawili makubwa.

"Wewe, wachana na hiyo, napigia makanika!" Baba mdogo akaita. "Hiyo si kazi ya wasichana."

Nina miaka thelathini na mbili. Nililegeza nati kabla ya kuinua gari, si kama ile siku ya kwanza nilipokimbilia jeki na gurudumu likawa linazunguka tu hewani, ukacheka mpaka ukakaa chini. Spea niliilaza chini ya gari, ili jeki ikiteleza gari lisiangukie mtu. Nilipoifunga na kulishusha gari, nilikaza nati kwa kupishana, nimesimama juu ya spana kwa uzito wangu wote. Mikono yangu ilikuwa myeusi tititi, na nilijivunia, Baba. Nilijivunia sana.

Baba mdogo alikuwa ameshaingia garini, anahimiza twende, mnunuzi asije akachoka kungoja. Mimi nikarudi kuyafuata mawe. Wangapi huyaacha palepale bodaboda zinapopita, wakaenda zao? Wewe ulikuwa ukituambia, "Jiwe limekusaidia, usimwachie mwenzako limuue." Niliyabeba moja moja hadi mtaroni, kisha nikaichukua pembetatu. Nilipoinuka, Mami alikuwa bado amesimama, ananitazama, machozi yanamtiririka.

"Ngai, Mungu wangu, ni yeye kabisa," alisema.

Hakurudi kiti cha nyuma. Alifungua mlango wa mbele, akaketi mahali pake pa zamani, akafunga mkanda.

"Geuza gari. Twende nyumbani."

Baba mdogo alipangusa viatu vyake mpaka Kimbo. Wewe ungecheka.

Pancha imezibwa, na spea imerudi mahali pake. Sasa nakuaga, maana kesho nampeleka Mami kanisani na gari bado halijaoshwa. Nakuahidi kwamba popote nitakapoliinua gari hili, sitaacha jiwe nyuma yangu. Pumzika, Baba. Kiti cha mbele kina mwenyewe.

Wambui wako