Mwili Uliobaki Zamu

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako limetulia. Mama naye kifua vipi? Mimi sijambo, ingawa miezi miwili iliyopita nisingeweza kuandika hivyo.

Kwenye bohari ya dawa ninakofanya kazi kuna chumba cha baridi cha kuhifadhia chanjo. Anayeingia hutundika kitambulisho chake kwenye msumari ulio nje, ili anayefunga ajue kuna mtu ndani. Siku moja nilikuwa na haraka, nikaingia nacho shingoni. Mlinzi akaona msumari mtupu, akafunga. Nilikaa humo dakika arobaini.

Nilitoka bila jeraha, ila nikawa mtu mwingine. Mlango ukibamizwa popote, jasho linanitoka. Wenzangu wakanibandika jina Bi Mlango, wakasema nitaolewa na bawaba. Msimamizi wetu, mama mtu mzima, hakucheka. Aliniambia kwamba hili si jambo la kujikaza, akanipeleka kwa mshauri nasaha.

Mshauri alinieleza kuwa mwili wangu bado uko zamu. Haujaamini kwamba hatari imepita, na kuukaripia hakusaidii. Hufundishwa polepole. Jumanne nilisimama ndani ya kile chumba, msimamizi ameushika mlango, nikahesabu hadi ishirini. Akanitania kwamba nimehesabu kama mtu anayefukuzwa. Nikarudia.

Baba, nilipokuwa nikimsikiliza mshauri, niliyemwona ni wewe. Mgodi ulipokufunika sikuwa nimezaliwa, nami nilikua nikidhani kulala mlango wazi ni ukaidi wako tu. Siku ya mahafali yangu, walipofunga milango ya ukumbi, ulitoka mbio ukiangusha viti. Rafiki zangu wakauliza yule ni nani. Niliwaambia ni jirani, amelewa. Wewe usiyeonja pombe! Nilipokukuta nje uliniomba radhi, nami nikaipokea.

Wa kuomba radhi ni mimi. Nisamehe, Baba.

Mshauri anasema hata baada ya miaka thelathini mtu hupata nafuu. Amekubali kutupokea pamoja Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Kama hutaki kusema, kaa tu, nitasema mimi. Nitakuja kukuchukua mwenyewe, na rafiki yeyote tutakayekutana naye njiani nitamwambia huyu ni baba yangu.

Mpe Mama salamu zangu nyingi, na dada aambiwe viatu vyangu si vyake.

Akupendaye,
Kitindamimba wako