Miezi Mitatu ya Kuichukia Mandolini

Jumamosi, Julai. Mwihoko.

Ukungu tangu alfajiri, manyunyu yasiyojua kama ni mvua au la, na nguo nilizofua juzi bado ziko kwenye kamba zikinuka unyevu. Nina hasira. Naandika sasa, saa tisa mchana, kabla sijapoa na kuanza kujitetea.

Wale wachache mnaopita kwenye ukurasa huu mnanijua kwa habari za cherehani na wazazi wanaoleta vitambaa vya sare shule zikiwa zimeshafunguliwa. Sikuwaambia kwamba kwa miezi mitatu nimekuwa nikijifunza kupiga mandolini. Sikuwa na la kuwaambia. Ni chombo kidogo chenye nyuzi nane zilizopangwa mbili mbili, nyembamba na kali, na aliyeamua kila uzi uwe na pacha wake alikuwa na kisa na vidole vya watu. Nimeshona miaka ishirini na sita. Sindano ya cherehani imenipita kwenye kucha mara mbili na sikulia. Hii mandolini imeniliza.

Na sijawahi kuipenda. Wacha niseme ukweli.

Niliichukua ili Muigai asiipate.

Muigai ni kaka yangu, ananizidi miaka tisa. Anapiga gitaa kwenye harusi na anakaa Kiuu, dakika ishirini kwa miguu kutoka kwangu. Baba alipopata kiharusi, upande wake wote wa kushoto ukafa, na mdomo ukapinda hata maneno yakawa hayatoki vizuri. Nikamleta hapa. Kwa miaka miwili nilimwosha, nikamlisha, nikamgeuza kitandani asipate vidonda. Kwa miaka miwili hizo dakika ishirini zilimshinda Muigai. Alikuja mara nne. Nilihesabu.

Kwa hiyo mnaweza kuelewa nilivyokuwa siku ile wazee wa familia walipoketi nyumbani, juma moja baada ya mazishi, kugawa vitu vya marehemu. Koti lilienda kwa baba mdogo. Saa ikaenda kwa mjukuu wa jina lake. Ikabaki mandolini. Baba aliipiga ujanani, kisha akaokoka, akaipandisha juu ya kabati pamoja na maisha yake ya zamani, na haikushuka tena. Mimi nilikuwa na miaka kama mitano wakati huo. Nakumbuka kumwona akiipiga mara mbili, labda tatu, mimi nikiwa kwenye kistuli mbele yake.

Muigai akanyoosha mkono. "Hiyo niachieni," akasema. "Nyambura hataweza kuipiga."

Hakusema kwa ubaya. Leo naweza kukiri hivyo. Siku ile nilisikia dharau tupu, na kwa kuwa viatu vya Baba vilikuwa vimepangwa miguuni pangu vikisubiri kugawiwa, nikachukua kimoja nikamrushia. Kilimpata begani. Baba mdogo akanikabidhi mandolini haraka haraka ili kuwe na amani, nami nikatangaza mbele ya wote kwamba kumbukumbu ya mwaka mmoja ikifika, siku ya kuweka jiwe kaburini, nitapiga ule wimbo wa dini ambao Baba alikuwa akiuvumisha kila akinyoa ndevu. Nikarudia kwenye kikundi cha familia cha simu, asije mtu akasema hakusikia.

Kumbukumbu ni Jumamosi ijayo.

Kwa miezi tisa sikuigusa, kisha nikaanza kujifunza kwa video za mtandaoni. Kijana fulani mwenye meno meupe anakuambia kila kitu ni rahisi. Nikaweka sauti za nyuzi kwa kutumia simu, ikawa inawaka kijani kila uzi unapokaa sawa, nikafurahi. Kisha nikaweka vidole pale alipoonyesha, nikapiga, na kilichotoka ni kelele. Siku ya pili kelele. Mwezi wa pili kelele ileile, ila sasa nilikuwa na ncha za vidole ngumu kuliko kisigino.

Niliona kitu. Sitadanganya kwamba sikuona. Kwenye video nyuzi nene ziko juu, karibu na uso. Kwangu ziko chini. Nikajiambia video imegeuka, kwani simu si hugeuza picha hata maandishi ya fulana yakasomeka kinyume? Nikaendelea. Hivyo ndivyo nilivyo. Nikikata kitambaa vibaya nashona mpaka mwisho, kisha nalaumu kitambaa.

Jirani yangu, Mama Brayo, alivumilia mwezi mzima. Kisha akaja mlangoni na mwiko mkononi. "Mama Wanja, hiyo kitu unaipiga ama unaichinja?" Nikamwambia akachunge sufuria yake. Hatujasalimiana tangu sikukuu ya Madaraka.

Leo asubuhi nikanyenyekea, na mimi kunyenyekea si kazi ndogo. Nikaenda Thika kwa mwalimu niliyeelekezwa, msichana anaitwa Njoki, anafundisha gitaa kwenye chumba kilicho juu ya duka la mbegu. Umri wake ni kama wa Wanja wangu. Hakutabasamu. Hata chai hakunipa. Alipokea mandolini, hakuipiga, akaanza kuitazama kama daktari anayetafuta uvimbe. Akapitisha kidole gumba kwenye mbao, chini ya nyuzi.

"Mum, hii ni ya mtu wa left."

"Left gani?"

"Mtu wa kutumia mkono wa kushoto. Si uone waya zimefungwa kinyume? Na hapa mbao imelika, upande huu. Hapa ndio alikuwa anapigia."

"Babangu alikuwa wa mkono wa kulia," nikamwambia. "Nimekaa naye. Nimemlisha."

"Sijui alikuwa anakula aje. Nakuambia alikuwa anapiga aje."

Nikamchukia papo hapo, pamoja na kucha zake ndefu za mkono mmoja. Miezi mitatu nilikuwa nimejiita mjinga, nimejiita kiziwi, na kumbe nilikuwa nafuata ramani kinyumenyume. Nikamwambia ageuze nyuzi.

"Naweza geuza. Nitoe zote, nichonge na hiki kidaraja cha kubeba waya, tutamaliza leo." Akachukua koleo. Kisha akaniangalia. "Lakini kwenu hakuna mtu wa left? Hii imezoea. Ni kuharibu."

Yuko mmoja. Ni yule ambaye Maitu, mama yetu, alikuwa akimpiga vifundo vya mkono kwa mwiko kila akiuingiza ule wa kushoto kwenye sahani, mbele yetu sote, huku Baba akiangalia chakula chake na kunyamaza.

Nikatoka nje kwenye ngazi nikampigia Muigai. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ya kiatu. Sikumsalimia.

"Baba alikuwa akipiga mandolini na mkono gani?"

Nilisikia redio nyuma yake.

"Wa kushoto. Si unajua."

"Sijui."

"Aki Nyambura. Hukuwa unajua?" Akapunguza redio. "Walimfunga huo mkono huko shule akiwa mdogo. Na kamba ya mkonge. Akajifunza kuandika na wa kulia, kula, kusalimia watu, kila kitu. Hiyo mandolini ndio kitu pekee hawakufikia. Aliniambia ile siku Maitu alinipiga mpaka nikavimba. Akasema nisiambie mtu."

"Mbona hukusema mbele ya wazee?"

"Nilisema hutaweza kuipiga. Ukanirushia kiatu."

"Na mbona hukukuja, Muigai? Miaka miwili."

Akazima redio. "Nilikuja nikaona huo mkono umelala hapo kwa blanketi. Nikashindwa."

"Mimi niliweza," nikasema, nikakata simu.

Ningependa kuishia hapo, pale nilipokuwa na neno la mwisho. Lakini nilisimama kwenye zile ngazi, watu wa duka la mbegu wakipita na magunia, na kitu kingine kikaanza kunijia.

Kwanza ni kile kistuli. Nilikuwa nimeketi mbele ya Baba, nimemkabili, na ule mkono uliokuwa ukicheza juu ya nyuzi ulikuwa upande wa mkono wangu wa kulia. Mtoto wa miaka mitano hajui kwamba mtu aliyekukabili amegeuka. Nilikua nikiamini nimeona mkono wa kulia.

Pili ni kile kitanda.

Alipokuja kukaa kwangu, Baba aliomba mandolini iletwe. Ilichukua nusu saa kuelewa anachotaka kwa ule mdomo wake. Nikaileta, nikaitundika ukutani. Na kila mgeni aliyekuja kumwona nilimwambia maneno yaleyale, Baba akisikia: tumshukuru Mungu, mkono wa maana umebaki.

Mchana mmoja nikaishusha. Nilidhani nafanya wema. Nikamlazia mandolini mapajani, nikashika shingo ya chombo mimi mwenyewe upande uliokufa, nikamtia kile kipande cha plastiki cha kupigia kwenye mkono wa kulia. "Piga, Baba. Hata uzi mmoja. Si mkono mzima unao?"

Akakiangusha. Nikakiokota, nikamrudishia. Akakiangusha tena. Mara ya tatu akaisukuma mandolini, akageuza uso ukutani.

Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa na sare za darasa zima za kumaliza, na sikuwa nimelala vizuri kwa siku tatu. Hayo ni kweli na hayasaidii. Nilimwambia ni mvivu. Nilimwambia watu wengine wenye kiharusi hujaribu, yeye anapenda kuhurumiwa tu. Nilimwambia hayo huku nikimfunga vifungo vya shati. Hakuwa na mdomo wa kunijibu. Ule mkono aliokuwa akiuficha maisha yake yote ulikuwa pale, ubavuni kwangu, umelala kwenye blanketi, nami nilikuwa nimeuegemea.

Hakuna aliyenisikia siku ile. Ndiyo sababu naandika hapa.

Niliporudi ndani Njoki alikuwa ameshalegeza uzi wa kwanza. Nikamwambia aukaze tena. Akaniuliza kama nimeamua kujifunza kwa mkono wa kushoto. Nikamwambia aukaze, asiniulize maswali. Akaukaza. Hapo mlangoni alisema pole, na sikumpenda zaidi kwa sababu hiyo.

Nimefika nyumbani nikapasha githeri ya jana, mahindi na maharagwe, nikajaribu kuila kwa mkono wa kushoto. Kijiko kinakuja, kinakosea mdomo, maharagwe yanaingia kifuani. Nimemaliza sahani nzima hivyo. Imenichukua karibu saa moja. Kisha nikaweka mandolini mapajani kama ilivyotaka yenyewe, shingo ikielekea kulia, na kiganja changu cha kushoto kikatua juu ya pale palipolika kwenye mbao. Sikupiga chochote. Nimejua pale si pangu.

Nimeandika kwenye kikundi cha familia: "Jumamosi ijayo Muigai ndiye atapiga. Aje aichukue mwenyewe, mimi sipeleki."

Shangazi ametuma mikono ya kusali, minane. Baba mdogo ameuliza kama tumeugua. Muigai amejibu neno moja tu: "Nakuja." Tutaona. Ni dakika ishirini.

Nisieleweke vibaya. Sijamsamehe, na akifika na ule uso wake wa huzuni sijui kama nitampa kiti. Na akijaribu kunisamehe kwa niaba ya Baba nitamrushia kiatu cha pili, maana Baba hakumtuma. Samahani yangu mimi nitaipeleka kule kaburini mwenyewe, na najua Baba atanyamaza kama alivyonyamaza siku ile.

Ila Jumamosi nitafika mapema kuliko wote. Nitaweka kiti changu mbele kabisa, nimkabili Muigai, nimwangalie mkono tangu wimbo uanze mpaka uishe.

Safari hii nitajua ni upi.