Dole Gumba kwenye Karatasi Tupu

4 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini kifua kimetulia na nesi hakugombezi sana. Huku kwa binti yangu tu wazima. Uvumilie mwandiko wangu wa mkono wa kushoto, bado unayumba kama mlevi.

Nina habari. Kile kiwanda cha sare za shule kinatafuta mkaguzi wa mishono. Mashine ya kukatia vitambaa ilininyang'anya vidole vitatu, lakini kwa kukagua, saba vinatosha. Jana nikaenda ofisi ya mafao ya ulemavu kuuliza kama naweza kufanya kazi bila kufutiwa mafao. Ofisa akafungua jalada langu akasema, "Mama, miaka tisa iliyopita tulikupa nafasi hiyohiyo, ukaikataa." Nikamwambia huyo si mimi, mimi ningeikimbilia peku. Nadhani wamechanganya majalada. Wewe ndiye karani wa ukoo, hebu tazama kwenye makaratasi yako.

Mdogo wako


19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Kifua ni kilekile, kikohozi kinaingia bila hodi.

Kuhusu jalada, ofisi zile zina vumbi na watu wengi wa majina yanayofanana. Usijisumbue nalo, omba upya tu. Makaratasi yangu yako juu ya kabati, na siku hizi siwezi kupanda kiti.

Kaka yako


11 Machi

Kaka,

Shikamoo. Hali yako? Sisi hatujambo.

Nilirudi ofisini, wakanionyesha barua yenyewe. Chini kuna dole gumba langu la kushoto, na lile kovu la sindano. Juu kuna mwandiko wako. Ile "z" yenye mkia naijua tangu uliponifundisha kusoma. Imeandikwa, "Sina uwezo wala nia ya kurudi kazini." Ofisa akaniuliza kama naufahamu mwandiko. Nikasema siufahamu. Nimedanganya kwa ajili yako, sasa nawe niambie ukweli.

Uwezo naelewa, mkono ulikuwa bado na bandeji. Lakini nia, kaka? Nani alikuambia sina nia?

Mdogo wako


2 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba, na samahani kwa kimya cha wiki saba. Sikuwa mgonjwa kiasi cha kushindwa kuandika. Nilianza barua hii mara nne, na kila mara ikageuka ya kujitetea. Sasa daktari ameacha kunipangia tarehe ya kurudi kliniki, na hakuna haja ya kumuuliza kwa nini.

Unakumbuka ulipokuwa ukiishi kwangu, hukuweza kushika kalamu, na ulivyochukia wino kidoleni wakati wa kupika? Kila mwanzo wa mwezi ulitia dole kwenye karatasi tupu tano kwa mpigo, ukaniachia kwa barua za ofisi ya mafao. "Utaandika mwenyewe yanayofaa," ulisema.

Barua ya ofisi ilikuja ukiwa sokoni. Ungejaribu kazi miezi tisa, mafao yakiendelea, na ukishindwa ungerudi palepale. Msimamizi wako wa kiwandani alikuwa ameshakubali kukupokea. Niliisoma mara mbili nikitafuta mtego, kwani ningeupata ningekuwa na sababu. Hapakuwa na mtego.

Wifi yako alikuwa amefariki mwaka ule. Wewe ndiye uliyefungua madirisha asubuhi na kunitania kwa soksi zangu. Nikaona ukipata mshahara utapata na chumba chako, nami nitabaki na saa ya ukutani. Nikachukua karatasi moja kati ya zile tano. "Nia" niliiongeza ili wasiulize tena. Hawakuuliza.

Jioni ulikuwa ukisimama dirishani kuwatazama wenzako wakitoka kiwandani. Siku moja ukasema, "Wale hawanikumbuki tena." Nami nikakujibu, "Ndivyo watu walivyo." Jibu hilo linaniuma kuliko barua. Nilikuacha uamini kwamba hakuna anayekuhitaji, na huku barua ya kukuita ilikuwa kwenye droo yangu.

Nimeambatanisha karatasi ya kukiri, yenye sahihi yangu. Wapelekee. Kwako naomba kukuona tu, kama utaweza kunitazama.

Kaka yako


8 Mei, Jumatatu

Kaka,

Shikamoo. Binti yangu aliisoma barua yako kwanza, akataka kuichana. Nikamnyang'anya.

Karatasi ya kukiri sikuipeleka. Walishanikubalia tangu mwezi uliopita, kwa jaribio lilelile la miezi tisa. Nakaa meza moja na wasichana sita wanaoniita Bibi Uzi. Ijumaa nilirudisha mashati arobaini yenye kola zilizopinda. Aliyeyashona akaninunia: "Bibi Uzi, hizo kola zitavaliwa na watoto, si mawaziri." Nikamwambia, "Basi shona za mawaziri, uone kama sitazirudisha." Nilifurahi mpaka nikaona haya. Kisha nikakumbuka nimebakiza miaka miwili nistaafu, nikaenda kulia chooni.

Sijakusamehe. Nakwambia mapema usije ukadanganywa na shikamoo. Lakini nakuja. Kesho siwezi, wala keshokutwa, niko kazini. Mapumziko yangu ni Jumamosi.

Mimi nilisubiri miaka tisa bila kujua kwamba nasubiri. Wewe subiri siku tano.

Mdogo wako